Vielekezi maalum vya upasuaji wa goti: Je, vina faida?

GOTI likiharibiwa na baridi yabisi, na dawa, mazoezi na kupunguza uzani visipofaa, daktari wa mifupa huenda akashauri libadilishwe.

Katika upasuaji huo, ncha za mfupa wa paja na wa muundi hukatwa na kuwekewa chuma, kisha plastiki ngumu hutiwa katikati. Mifupa isipokatwa vizuri mguu hupinda. Madaktari wengi hulenga usipotoke zaidi ya nyuzi 3 kutoka mstari uliopangwa.

Kwa kawaida, msumeno huongozwa na vyuma vya kupimia vinavyotumiwa kwa kila mgonjwa. Fimbo ya chuma huingizwa ndani ya mfupa wa paja ili kuonyesha mwelekeo.

Siku hizi kuna vielekezi vinavyoundwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu. Mgonjwa hupigwa picha za CT au MRI wiki kadhaa mapema. Kompyuta huzitumia kuchora goti lake, daktari hukagua mpango, halafu kielekezi cha nailoni huundwa. Hukaa juu ya mfupa huo barabara, kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha mwenyewe, na huonyesha pa kukata.

Wengi hudhani hilo ndilo goti lenyewe. Sivyo. Kielekezi hutupwa baada ya kazi. Kinachobaki mwilini ni goti bandia, ambalo mara nyingi ni lile lile la kawaida.

Je, matokeo ni bora? Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeonyesha kwamba, kwa jumla, maumivu na uwezo wa kutembea baadaye havitofautiani sana. Muda unaookolewa ni dakika chache tu.

Hata hivyo, vinaweza kumfaa mgonjwa ambaye mfupa wake wa paja ulipinda baada ya kuvunjika, au una chuma ndani, kwani fimbo haiwezi kupita.

Kwa hivyo, kabla ya jamaa kuitisha harambee au kuuza shamba, muulize daktari: Kwa nini mimi nahitaji kielekezi hiki? Gharama pamoja na picha ni kiasi gani? Amefanya upasuaji wa goti mara ngapi? Upasuaji ukiahirishwa kwa miezi mingi, je, kielekezi bado kitatosha?

Ikiwa hakuna sababu maalum, afadhali pesa hizo zitunzwe kwa mazoezi ya viungo baada ya upasuaji. Bila mazoezi, hata goti lililokatwa kwa ustadi hukakamaa.