Kubadilisha Simu kwa Nyongeza

Ndugu wasomaji, swali hili niliwauliza wenzangu darasani na baadhi wakacheka. Nalileta hapa kwa sababu najua wengi wetu tunalo mfukoni.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Palma. Simu yangu ya Android ilikuwa imevimba betri. Rafiki yangu wa utotoni, anayeuza simu zilizotumika, akaniambia: nipe hiyo yako na metikali 9,000 juu yake, uchukue iPhone. Kama huna zote, lipa kwa miezi mitatu, ila ukichelewa utaongeza kidogo.

Aliyesoma mlango wa riba hushtuka hapo. Hukumbuka hadithi ya tende za Khaybar: tende nyingi duni zilibadilishwa kwa tende chache nzuri, Mtume (s.a.w.) akakataza, akaelekeza zile duni ziuzwe kwa fedha, kisha nzuri zinunuliwe kwa fedha hiyo. Je, simu mbovu na nyongeza kwa simu nzuri si hayo hayo?

Sivyo. Katazo lile linahusu mali za riba: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, pamoja na vinavyoshirikiana navyo katika sababu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, tuliyolelewa nayo pwani hii, sababu ni mbili: kuwa thamani ya kununulia vitu, au kuwa chakula. Simu haiingii popote, hata iwe na M-Pesa ndani yake. Kwa hiyo kubadilishana simu kwa nyongeza ni halali.

Kulipa kwa awamu nako hakuna tatizo, hata bei ikizidi ile ya taslimu, maadamu mmekubaliana bei moja kabla ya kuachana. Ndivyo lilivyoamua Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha sita, Jeddah, mwaka 1990. Lakini baraza hilo hilo lilikataza nyongeza kwa anayechelewa, likasema ni riba. Neno dogo la rafiki yangu ndilo lililokuwa zito. Nilipomweleza, akalifuta bila ubishi.

Nikamwomba pia anionyeshe kwamba iPhone haijafungwa kwa akaunti ya mtu mwingine. Msione ni dharau. Machi 2021 watu wa Palma walikimbia na nguo walizovaa, na nyumba nyingi ziliporwa. Simu iliyofungwa ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwa jirani yako. Hii ilikuwa safi.

Laini mbili zilinisumbua zaidi. Natumia ya Msumbiji kwa ajili ya mama na ya Tanzania kwa ajili ya chuo. iPhone ile inapokea kadi moja tu. (Mpya zaidi zina laini ya pili isiyo na kadi, lakini bei yake ni ada ya muhula.)

Nilikuwa karibu kukubali hata hivyo. Jioni nikamweleza mama. Alisikiliza fiqhi yangu yote, kisha akauliza, "Mwanangu, na sauti ya baba yako inahamia?"

Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, mtandao ulikatika. Mimi nilikuwa madrasa Mtwara. Siku tisa sikujua nani yuko hai. Kisha ikaingia sauti ya WhatsApp kutoka Pemba, sekunde 41, baba akisema wamefika kwa mashua. Mwaka uliofuata alifariki.

Nikaenda kuuliza. Nakala ya WhatsApp iliyohifadhiwa Google haisomwi na iPhone. Kuhamisha inawezekana, lakini simu zote mbili ziwe pamoja na zinafanya kazi, na iPhone iwe mpya au ifutwe kabisa kwanza. Yangu ilikuwa ikizima katikati ya kazi, na ndiyo niliyotakiwa kuiacha dukani.

Wanazuoni hupanga mahitaji kwa daraja: dharura, haja, na mapambo. Nilijiuliza iPhone iko wapi. Kamera yake nilikuwa nimeiita haja.

Nimeweka betri mpya kwa metikali 800. Sauti ya baba nimeinakili kwenye kadi ya memori na kwenye simu ya mama. Rafiki yangu amesema iPhone atanishikia hadi mitihani iishe.