Maseremala, Mkianzisha Chama Anzeni na Mfuko

Mafundi wakichoshwa na malipo duni, neno la kwanza midomoni huwa mgomo. Kabla hamjafika huko, zijueni habari za maseremala wa London.

Julai 1859 mafundi ujenzi wa mji huo waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa tisa. Waajiri wakawafungia kazi mafundi zaidi ya 20,000, na kila aliyetaka kurudi akatakiwa kutia sahihi hati ya kukana chama. Maseremala walikuwa wametawanyika katika vyama vidogo vidogo, akiba haba. Nguzo yao kubwa ikawa chama cha mafundi mitambo, kilichowapa wagomaji pauni 1,000 mara tatu. Februari 1860 hati ilifutwa, ingawa saa tisa hawakuzipata. Juni mwaka huohuo wakaunda Amalgamated Society of Carpenters and Joiners, kwa mfano wa wale waliowasaidia.

Ada yao ilikuwa shilingi 1 kwa wiki, nzito kwa fundi aliyepata shilingi thelathini na kitu. Nanyi msiogope ada inayouma kidogo. Ikusanyeni siku ya malipo, kabla pesa haijafika nyumbani.

Kisha mfuko uonekane ukifanya kazi hata pasipo mgomo. Wao walisaidia wagonjwa, wasio na kazi, wazee na wafiwa, na pia walimfidia mwanachama aliyepoteza zana. Mimi ningeanza na hili la zana. Karakana ikiungua au mwizi akipita usiku, seremala hupoteza mtaji wake wote, na hana cha kushika asubuhi. Aliyerudishiwa randa, msumeno na patasi hatauliza tena chama kina faida gani. Kila mwanachama aorodheshe zana zake kwenye daftari la chama mbele ya mashahidi wawili, azitie alama yake, na orodha ikaguliwe kila baada ya miezi michache. Bila hivyo madai ya uongo yataumaliza mfuko.

Usajili nao msiuahirishe. Mwaka 1867 mahakama ya Uingereza iliamua kuwa chama cha mafundi wa boila hakina ulinzi wa sheria dhidi ya mweka hazina wa tawi la Bradford aliyezuia pauni 24. Robert Applegarth, katibu mkuu wa maseremala tangu 1862, alikwenda kuvitetea vyama mbele ya tume ya serikali, na sheria ya 1871 ikailinda mifuko yao. Tanzania, chama cha wafanyakazi huanzishwa kwenye mkutano wa waajiriwa wasiopungua 20. Pesa zikae benki kwa sahihi zaidi ya moja, na hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano.

Siku ya mkutano wa kwanza, msitawanyike kabla ya kumchagua mweka hazina, kufungua daftari na kupokea ada ya wiki hiyo.