Samaki Mmoja Akioza, Je, Wote Wameoza?

Somo juu ya wafanyabiashara wanaokataa kuhudumia makundi ya wamotari

Kusudi la somo

Mwishoni mwa somo hili msomaji ataweza:
- kutofautisha kukataa tendo baya na kukataa kundi zima la watu;
- kueleza namna ukatazo mdogo wa mlangoni unavyoweza kuzaa fujo ya mji mzima;
- kusaidia wafanyabiashara na wamotari wa mtaa wake kufanya mapatano.

Utangulizi

Ndugu msomaji, katika miji yetu ya mashariki mwa Kongo, kama Goma, Bukavu, Butembo, Beni na Bunia, pikipiki ndiyo taksi ya watu wengi. Inampeleka mgonjwa hospitalini, mwanafunzi shuleni, na mama sokoni pamoja na mzigo wake. Mji usipokuwa na wamotari kwa siku moja tu, kazi nyingi zinasimama.

Hata hivyo motari anaogopwa. Akija peke yake dukani, anauziwa. Wakija kumi, mwenye duka anasema bidhaa imekwisha. Kwenye kituo cha mafuta wanaambiwa wasubiri magari yapite kwanza, na wakichoka wanakwenda kununua kwa kadafi kando ya barabara. Kwenye mkahawa wanaambiwa, "Motari hatuwauzie hapa."

Methali inasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki walio ndani ya kapu moja, hiyo ni kweli. Lakini je, ni kweli kwa watu? Hilo ndilo swali la somo letu.

Kisa cha kujifunza

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya mafunzo. Kisomwe kwa sauti ndani ya kikundi.

Wamotari kumi na wawili wanatoka kumzika mwenzao. Wana njaa na uchungu. Wanasimamisha pikipiki mbele ya mkahawa, wanaacha mashine zinanguruma, na wanaingia wote pamoja. Mama mwenye mkahawa anasimama mlangoni.

"Leo siuzie motari," anasema.

"Mama, tuko na njaa, na franga tuko nazo," mmoja anajibu.

"Wenzenu walikula hapa juma lililopita, wakavunja glasi na wakaenda bila kulipa. Ninyi wote ni wamoja."

Kijana mmoja anachukua simu na kuwaita wengine. Baada ya nusu saa pikipiki hamsini zimejaa barabarani. Jirani wanafunga maduka. Mtu anatupa jiwe, na dirisha linavunjika. Polisi wanafika na kukamata vijana watatu waliokuwa karibu, ambao hawakutupa kitu. Kesho yake wamotari wanafunga barabara kudai wenzao waachiliwe, na wenye maduka wanaapa kwamba hawatawauzia tena.

Angalieni vizuri: mambo yote yalianza na deni la sahani chache za chakula.

Kila upande unasema nini, na unahitaji nini?

Katika kazi ya amani tunajifunza kutazama chini ya maneno. Neno la juu ni msimamo. Chini yake kuna hitaji, na chini zaidi kuna woga.

Mama anasema, "Siuzie motari." Hitaji lake ni kulipwa, vyombo vyake vibaki vizima, na wateja wengine wasikimbie. Anaogopa kwamba akimgusa mmoja, wote watamrukia. Woga huo una sababu. Sote tumeona ajali ikitokea, na wamotari wakikusanyika mara moja na kutaka kumpiga dereva kabla ya kujua nani mwenye kosa. Tena kuna wezi wanaotumia pikipiki usiku, na watu hawajui kama ni wamotari kweli.

Motari anasema, "Tunadharauliwa." Hitaji lake ni kula, kununua mafuta na kuheshimiwa kama mteja mwingine. Wengi wanaendesha pikipiki isiyo yao, na jioni lazima wampelekee mwenye mashine fedha yake ya kila siku. Yeye pia ana woga: usiku anaweza kuuawa na abiria anayetaka pikipiki, na mchana anasumbuliwa barabarani. Ndiyo maana wamotari wanaitana haraka. Kuitana huko ndiko ulinzi wao.

Hapa ndipo ubaya unapozaliwa. Mfanyabiashara anakataa kundi kwa sababu anaogopa kundi. Motari aliyekataliwa pasipo kosa lake anarudi ndani ya kundi, kwa sababu huko tu anapokelewa. Kundi linakaza, na woga wa mfanyabiashara unaongezeka. Ukatazo uliowekwa kwa kutafuta usalama unaleta hatari ileile uliyotaka kuizuia.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Baada ya vita, vijana wengi walioacha silaha walipata mkate kwa pikipiki, katika Ituri na katika Kivu. Siyo wamotari wote waliokuwa askari. Wengi ni wanafunzi waliokosa karo na baba wa watoto. Lakini kwa kijana aliyetoka msituni, kiti cha pikipiki ni mlango wa kurudi katika maisha ya raia. Mji ukimwambia kwamba hata chakula hauziwi, makundi yenye silaha hayatamwambia hivyo.

Ndugu zetu wa Sierra Leone walipitia njia hiyo. Vita yao iliisha mwaka 2002, na wapiganaji wengi wa zamani wakawa waendeshaji wa taksi za pikipiki katika miji kama Bo, Kenema na Makeni. Waliunda vyama vyenye viongozi na kanuni za kuwarudi wanachama wakorofi. Hiyo ilisaidia, lakini mashaka hayakwisha: mwaka 2013 pikipiki za taksi zilikatazwa katikati ya mji mkuu Freetown. Chama kizuri peke yake hakitoshi kama wakaaji wengine hawakushiriki katika mapatano.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inaeleza kwamba kosa la jinai ni la mtu binafsi, na kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Ni kweli kifungu hiki kinahusu mashitaka, siyo uuzaji wa chakula. Lakini kama hata mahakama haina ruhusa ya kumwadhibu mtu kwa kosa la mwenzake, sisi wa mtaani tutaipata wapi?

Shida hii haiko kwetu tu. Huko Marekani, jimbo la Minnesota lina sheria inayokataza mahali panapopokea watu wote kumzuia mtu kwa sababu tu anaendesha pikipiki au amevaa nguo yenye jina la chama. Sheria hiyohiyo inaruhusu kumkataa yule ambaye mwenendo wake ni hatari kwa wengine. Mahali pengine mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2000, mjini Gilroy katika jimbo la California, wanachama wa klabu moja ya pikipiki waliambiwa wavue vizibao vyao au watoke kwenye sherehe ya vitunguu saumu. Walipeleka mashitaka, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa iliwakatalia. Miaka minane ilipita. Mapatano ya mtaa yanaweza kufanyika kwa juma moja.

Hatua za kufuata

Kwa mfanyabiashara:
1. Andika kanuni chache za tendo, siyo za watu, na uzibandike mlangoni. Mfano: zima mashine kabla ya kuingia, pikipiki zikae upande ule, anayekuja na kundi analipa kwanza, mlevi hauziwi. Kanuni zimhusu kila mteja, hata mwenye gari kubwa.
2. Mtu akikosa, andika namba ya jile yake na jina la parkingi yake. Namba inamtoa mkosaji ndani ya kundi, na wengine wanabaki safi.
3. Ukilazimika kukataa, sema na mtu mmoja, kwa sauti ya chini, pembeni, na umpe sababu. Anayeaibishwa mbele ya wenzake hawezi kurudi nyuma.

Kwa wamotari:
1. Mkiwa wengi, mmoja atangulie kusema na mwenye mahali: "Mama, tuko kumi na wawili, tunaweza kula?"
2. Msimfiche mkosaji. Kundi linalolipa glasi iliyovunjwa na mwenzao linajinunulia heshima.
3. Mkikataliwa, msiitane kwa simu. Wawili waende kumweleza prezida wa chama.
4. Jile na namba zivaliwe na mwenyewe tu. Anayemkopesha mwingine jile yake amemkopesha jina lake.

Kwa wapatanishi wa mtaa:
1. Sikilizeni kila upande peke yake kwanza, kisha pamoja, mbele ya kiongozi wa mtaa.
2. Anzeni na jambo dogo linalopimika, kama deni lililobaki au mahali pa kuegesha.
3. Andikeni mapatano kwenye ukurasa mmoja. Yataje nani anapokea malalamiko na baada ya siku ngapi anajibu.
4. Wekeni tarehe ya kukutana tena. Mapatano yasiyotazamwa tena yanakufa.

Hitimisho

Mfanyabiashara ana haki ya kulinda mali yake, na hakuna anayemwomba auzie wanaovunja. Tunamwomba aulize "Nani alifanya?" kabla ya kusema "Ninyi wote." Wamotari nao tunawaomba wasaidie jibu la swali hilo lipatikane. Wakilificha, wanalazimisha mji kuwahesabu wote kuwa wamoja.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika kisa tulichosoma, ni saa gani fujo ingaliweza kuzuiwa? Na nani?
2. Katika mtaa wenu, ni watu gani wengine wanaokataliwa kwa sababu ya kundi lao: wakimbizi wa vita, watoto wa barabarani, watu wa kabila fulani?
3. Wewe mwenyewe umewahi kulipa kosa la mwenzako? Ulijisikia namna gani?
4. Wagawanye wanakikundi pande mbili, wafanyabiashara na wamotari, na kila mtu achukue upande usio wake. Andikeni pamoja kanuni tano ambazo wote wanaweza kuzikubali.
5. Ni nani katika mtaa wenu anayeaminiwa na pande zote mbili? Mwendeeni juma hili.