Dondoo muhimu: Sakafu ya bodi na mzigo usioteleza

Ukipakia lori la kushuka Mlima Kitonga, maliza haya gari likiwa bado limeegeshwa.

1. Fagia bodi kwanza. Mchanga na punje za mahindi hutelezesha hata sanduku zito.
2. Chumvi, mbolea au maji ya samaki yakimwagika, osha siku hiyo hiyo, kabla kutu haijaanza kwenye maungio ya bati.
3. Tandika mpira mzito wenye mistari. Turubai la plastiki halifai, lenyewe linateleza. Uinue mpira mara kwa mara ukaushe maji yanayojificha chini.
4. Vizito viwe chini, vikigusa ukuta wa mbele. Kosa la kila siku ni kuacha pengo hapo: breki ya ghafla ikikanyagwa, mzigo unakimbia. Ziba kwa mbao au magunia yaliyojaa.
5. Pipa lisimame wima, na kabari pande zote.
6. Funga mikanda kwenye pete za bodi, si kwenye mbao za pembeni.
7. Baada ya kilomita chache simama, kaza tena.
8. Utingo asikae nyuma kushikilia mzigo. Hakuna mikono inayozuia tani moja.