Somo la 8: Mungu Apitaye Katikati ya Kambi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kum. 23:12–14, Hes. 19:11–17, Yn. 9:1–3, 2 Fal. 20:1–7, Lk. 14:1–6, Mk. 7:1–8, Yn. 13:3–15.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 23:14. Likariri kutoka katika Biblia yako mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa shemasi kijana, niliitwa usiku pamoja na mzee wa kanisa kwenye nyumba moja karibu na mwalo, si mbali na Kasanga. Mgeni wa nyumba ile alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi jana yake, naye alikuwa akiharisha na kutapika bila kukoma. Tuliimba, tukasoma Neno, tukaomba kwa machozi. Mama mwenye nyumba akatuletea uji, nasi tukanawa mikono, mmoja baada ya mwingine, katika beseni moja. Kulipokucha nguo za mgonjwa zilifuliwa ziwani, palepale ambapo majirani walikuwa wakichota maji ya kunywa.

Kabla ya Sabato iliyofuata tulizika watu wawili kutoka nyumba ile: yule mgeni, na binti wa nyumba aliyekuwa na umri wa miaka minne.

Hakuna aliyetulaumu, kwa kuwa tulikuwa tumeomba. Lakini hakuna kati yetu aliyeuliza maji yanachotwa wapi. Juma hili tutajifunza kwamba swali hilo nalo ni sehemu ya ibada.

JUMAPILI
Shimo Nje ya Kambi

Soma Kum. 23:12–14. Waisraeli waliagizwa kufanya nini, na ni sababu gani iliyotolewa?

Agizo lenyewe ni la kawaida kabisa. Kila mtu awe na mahali pa kwendea nje ya kambi, awe na chombo cha kuchimbia, na afukie kilichomtoka. Angalia sababu yake: Bwana mwenyewe anatembea katikati ya kambi. Mungu aliyeshuka Sinai kwa moto na ngurumo anajali pia shimo la choo la mtu wa mwisho katika kabila la mwisho.

Musa hakuwa na hadubini, wala Israeli hawakujua habari za vijidudu. Leo tunajua kwamba kila ugonjwa wa kuambukiza una mlango wake wa kuingilia. Kifua kikuu hupita katika hewa, mgonjwa anapokohoa ndani ya chumba kisicho na madirisha wazi. Malaria huletwa na mbu. Upele hupita kwa kugusana ngozi na ngozi. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupita kinywani: kinyesi cha mtu mmoja kinafika katika maji, chakula au mikono ya mtu mwingine. Ukiufunga mlango huo, ugonjwa hauna pa kupita.

Sisi tukaao kati ya uwanda wa Ufipa na Ziwa Tanganyika tuna jambo la kukumbuka. Maji hutelemka. Mvua inyeshapo, kilichoachwa wazi juu ya mteremko kinashuka hadi kijitoni, na kijito kinashuka hadi ziwani. Choo kinapaswa kuwa mbali na kisima, angalau mita 30, tena kisiwe upande wa juu yake. Kiwe na mfuniko, na maji na sabuni viwe karibu. Kama ndoo na bomba havipo, kibuyu chirizi cha dumu, kamba na kijiti chaweza kutengenezwa na mtoto.

Je, nyumba yako ina choo ambacho usingeona haya Bwana akipita karibu nacho? Je, kanisa lako nalo?

JUMATATU
Chombo Kisicho na Kifuniko

Soma Hes. 19:11–17. Ni nini kilichosemwa juu ya chombo kilichoachwa wazi katika hema alimofia mtu? Ni maji ya namna gani yaliyotumika katika utakaso?

Sheria hii ilihusu unajisi wa kiibada, wala tusiigeuze kuwa kitabu cha tiba. Hata hivyo ilimzoeza Mwisraeli mambo mawili yanayookoa maisha hadi leo: kufunika chombo, na kutumia maji yanayotiririka badala ya yaliyotuama.

Mwaka 1854, daktari John Snow wa London aliwafuatilia watu waliokufa kwa kipindupindu mtaani Broad Street, akaona kwamba wengi wao walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu ile uliondolewa. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba ugonjwa huu huletwa na hewa mbaya. Miaka 30 hivi baadaye, Robert Koch alikionyesha kijidudu chenyewe.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu mno. Mtu akiinama mtumbwini huona mawe chini, naye husema, “Maji haya ni safi.” Lakini jicho halioni kijidudu. Tena watu wengi wenye vijidudu vya kipindupindu hawaumwi kabisa, ilhali vijidudu hivyo hutoka katika choo chao kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mtu mzima wa afya aweza kuupeleka ugonjwa kijiji cha pili bila kujua.

Fanya hivi: chemsha maji hadi yatokote kabisa, uyaache yakitokota kwa dakika moja, na huku juu uwandani dakika tatu. Kama kuni ni shida, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Kisha yahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Chota kwa kata yenye mpini mrefu, au tumia ndoo yenye koki. Maji yaliyochemshwa asubuhi huchafuliwa saa nne kwa kikombe kimoja kilichochovywa pamoja na vidole.

Nani katika nyumba yako anabeba mzigo wa maji na kuni? Wengine wanaweza kumsaidiaje?

JUMANNE
Nani Aliyetenda Dhambi?

Soma Yn. 9:1–3. Wanafunzi walitaka kujua nini? Yesu aliwaelekeza wapi?

Ugonjwa wa kuhara una aibu ndani yake. Watu huuficha. Wengine husema mgonjwa amerogwa, wengine kwamba ameadhibiwa, na wengine kwamba wageni ndio walioleta. Kwa sababu hiyo familia hufunga mlango, na mgonjwa hufikishwa zahanati wakati macho yamekwisha kudidimia.

Mwezi wa Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma. Vyoo havikutosha. Watu walikunywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikazuka, na kufikia tarehe 22 mwezi huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wawili kati yao wakiwa Watanzania. Meli iliyotumika kuwahamishia watu wale Kigoma ilikuwa MV Liemba, meli ileile ambayo wazee wetu wa Kasanga wameipokea bandarini tangu utoto wao.

Je, watu wale walikuwa wenye dhambi kuliko sisi? Hata kidogo. Weka watu elfu kadhaa ufukoni pasipo choo wala maji salama, hata wawe washiriki wa kanisa, na jambo hilohilo litatokea. Tena ziwa ni moja. Mitumbwi ya dagaa na migebuka haiulizi mpaka wa mkoa wala wa nchi. Mwaka huohuo, kuanzia mwezi wa Agosti, kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi ya nchi yetu.

Yesu hakuwaruhusu wanafunzi wakae wakimjadili kipofu. Aliwaonyesha kazi ya Mungu iliyopaswa kufanyika kabla usiku haujaingia.

Mtu akiugua ghafla katika kitongoji chenu, maneno ya kwanza kinywani mwako huwa ni ya lawama au ya msaada?

JUMATANO
Sala na Mkate wa Tini

Soma 2 Fal. 20:1–7. Hezekia aliomba, na Mungu akajibu. Kwa nini basi Isaya aliagiza tini ziletwe?

Angalia mpangilio. Ahadi ya kupona imekwisha kutolewa katika fungu la 5, na bado katika fungu la 7 dawa inawekwa juu ya jipu. Isaya hakuona upungufu wa imani katika tini, na Hezekia hakuzikataa kwa madai kwamba Mungu amekwisha kusema.

Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili. Mgonjwa aweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja, choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, na akafa katika saa chache. Lakini akirudishiwa maji mapema, karibu wote hupona; wanaokufa hawafiki mmoja katika mia. Mpe ORS mara moja, iliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Onja: chumvi isizidi ile ya machozi. Mnyweshe kidogokidogo, akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea. Mtoto anyonyaye asiachishwe. Wakati huohuo anza safari ya zahanati, na njiani endelea kumnywesha.

Wengine huuliza, “Je, ikiwa ni Sabato?” Soma Lk. 14:1–6. Yesu alijibu kwa kuwauliza wao habari ya aliyetumbukia kisimani. Hakuna aliyekuwa na jibu. Kumbeba mgonjwa, kuwasha moto wa kuchemsha maji yake, kukodi mtumbwi au bodaboda ili afike kwa mganga: hayo ndiyo matendo ya Sabato. Kungoja jua lizame kwaweza kuwa kuvunja amri ya sita kwa jina la amri ya nne.

Je, umewahi kuona sala ikitumiwa kuchelewesha msaada? Ungemshaurije ndugu huyo bila kuivunja imani yake?

ALHAMISI
Beseni

Soma Mk. 7:1–8, kisha Yn. 13:3–15. Yesu alikemea nini katika fungu la kwanza? Alifanya nini katika la pili?

Mara kwa mara ndugu fulani hutaja Marko 7 ili kutetea mikono isiyonawiwa. Lakini Mafarisayo hawakuwa wakizungumzia uchafu. Walizungumzia mapokeo yaliyowafanya wajione watakatifu kuliko wengine. Yesu hakukataza maji. Usiku wa kuamkia siku ya msalaba alishika beseni mwenyewe.

Hapa upendo wetu unapimwa. Msibani tunapenda kula pamoja, na beseni moja hupita kwa watu ishirini. Wa kwanza ananawa; wa ishirini anapokea vya kumi na tisa waliomtangulia. Vijana na wamimine maji kwa jagi juu ya mikono ya wageni, sabuni ikiwepo, na maji machafu yaangukie chini. Kwenye huduma ya unyenyekevu, kila wawili wapewe maji mapya, na wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kuushika mkate. Kukiwa na mlipuko, baraza la kanisa lisione haya kuahirisha chakula cha pamoja.

Lililo gumu kuliko yote ni hili. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado waweza kuambukiza. Serikali inapoagiza kwamba wahudumu wa afya ndio watakaouosha na kuusitiri, na kwamba pasiwe na chakula msibani, mioyo yetu huumia. Kumwosha mama yako mara ya mwisho ni haki ambayo mtoto huitazamia. Lakini kumwacha mikononi mwa wahudumu ili wajukuu zake waishi ni kumheshimu vilevile. Dorkasi na mashemasi waende nyumbani kwa wafiwa siku zinazofuata, baada ya wengine kuondoka, wakiwa na sabuni, dawa ya maji na neno la faraja.

Ni desturi gani ya upendo katika kanisa lenu inayohitaji kubadilishwa namna yake ili ibaki kuwa upendo?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen White aliyajua mambo haya kama mama. Mapema mwaka 1863 watoto wake waliugua dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wengi Marekani wakati huo, naye aliwauguza kwa maji, hewa safi na pumziko, nao wakapona. Mwezi wa Juni mwaka uleule alipewa njozi juu ya afya. Na bado mwezi wa Desemba mwanawe Henry, mwenye umri wa miaka 16, alikufa kwa nimonia. Ujumbe wa afya haukutolewa kama hirizi ya kuzuia kila kifo. Ulitolewa ili tusife, wala tusiwaue wengine, kwa mambo tuliyoweza kuyazuia.

Yule binti wa miaka minne angekuwa mtu mzima leo. Sijui Mungu angemfanya kuwa nani. Tangu mwaka ule, kila niingiapo nyumba ya mgonjwa, huomba kwanza. Kisha kabla ya kuaga huuliza mambo matatu: mnachota maji wapi, choo kiko wapi, na ORS ipo? Mara nyingi mwenye nyumba hushangaa. Hapo humsomea Kumbukumbu la Torati 23:14.

Maswali ya kujadili:

1. Darasani, orodhesheni mahali mnapochota maji na umbali wa choo kilicho karibu. Ni hatari ipi ambayo darasa lenu laweza kuiondoa kabla ya mvua?

2. Utamjibuje mshiriki asemaye, “Mungu akipanga nife, nitakufa hata nikichemsha maji”? Tumieni kisa cha Hezekia.

3. Wavuvi na wachuuzi hufika kwetu kutoka pande zote za ziwa. Kanisa laweza kuwakaribishaje kwa namna inayolinda afya yao na ya wenyeji?

4. Ni nani katika kanisa lenu ajuaye kuchanganya maji ya sukari na chumvi? Sabato hii alasiri, kila familia na ijifunze.