Mkono wa Gitaa Uliolegea

Katika bendi ya shule yetu tunalo gitaa moja la umeme lenye mkono wa tremolo, yaani kile kifimbo cha chuma kilichopindwa ambacho mpigaji hukibonyeza ili sauti ishuke na kupanda. Muhula huu mkono huo ulilegea, ukachomoka katikati ya mazoezi, na jambo hilo likaleta shida kubwa kuliko gitaa lenyewe. Nimeomba nafasi katika gazeti letu ili niwaeleze wenzangu kwa nini mkono hulegea na namna ya kuutengeneza. Nitaeleza pia kosa langu, maana bila kosa hilo nisingejifunza lolote.

Kwanza yafaa tujue chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Mkono wa namna hii ulijulikana tangu mwaka 1954, Leo Fender alipotoa gitaa la Stratocaster katika kiwanda chake cha Fullerton, California, nchini Marekani. Gitaa letu halikutoka katika kiwanda hicho, ila limeundwa kwa mfano wa gitaa hilo, kama yalivyo magitaa mengi. Nyuzi zake sita hupita juu ya daraja la chuma. Chini ya daraja, ndani ya mwili wa gitaa, limefungwa pande nene la chuma, na nyuma yake zimo springi. Nyuzi huvuta upande mmoja, springi huvuta upande wa pili, na daraja hukaa katikati kama mizani iliyotulia. Mkono huingia kwa hesi katika tundu la lile pande la chuma. Ukiubonyeza, daraja huinama, nyuzi hulegea kidogo, na sauti hushuka. Ukiuachia, springi hulirudisha daraja mahali pake, na sauti hurudi.

Wenye elimu ya muziki husema kwamba jina lenyewe limekosewa, maana tremolo ni kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti, na kupanda na kushuka kwa kimo cha sauti ndiko kuitwako vibrato. Wasema kweli, lakini jina limekwisha kuzoeleka, nasi tutalitumia hilo hilo.

Basi mtaona kwamba mkono huu ni wenzo, kama tulivyofundishwa katika Fizikia, na wenzo hukuza kila kitu, hata kasoro. Mkono wetu una urefu wa karibu sentimita 15 kutoka tunduni hadi nchani, na hesi zilizomo tunduni zachukua karibu sentimita 1. Ikiwa tundu limezidi unene wa mkono kwa milimita 0.2 tu, ncha yake itacheza mara 15 ya hiyo, yaani milimita 3. Mpigaji akibonyeza, mkono huenda bure kwanza, hugonga, ndipo daraja huanza kusogea. Sauti huchelewa, na mlio wa kugonga husikika hata katika spika.

Sasa nieleze yaliyotupata. Mwaka jana mkono wa asili ulipotea, nami, nikiwa kiongozi wa bendi, nikapewa fedha za shule nikanunue mwingine mjini. Sikubeba gitaa wala kipimo. Niliuona mkono unaofanana na ule wa zamani, nikaulipia. Niliporudi niliuingiza tunduni, ukazunguka vizuri hadi mwisho, nikafurahi. Ulikuwa ukicheza kidogo, lakini nilijiambia kwamba ndivyo ilivyo mikono yote.

Muhula huu, siku ya mazoezi ya mahafali, kijana mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa akilipiga gitaa hilo. Alipobonyeza mkono ukamchomoka, ukaanguka sakafuni. Nilimkemea mbele ya wote. Nilisema ameuvunja kwa kuuvuta kwa nguvu, nikamkataza kuligusa gitaa. Hakujibu neno. Baada ya siku tatu alinifuata bwenini akanipa shilingi elfu nane. Akasema, "Kaka, hizi ni za kuanzia. Nimezitoa katika nauli yangu ya kurudi nyumbani. Nyingine nitamwomba baba, lakini naomba usimwandikie wewe." Nikazipokea. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake nilimpelekea mwalimu wetu wa Fizikia gitaa na mkono, nikamweleza kwamba kijana fulani ameharibu. Mwalimu alinitazama, akauliza, "Umepima?" Nikasema, "Hapana, Mwalimu, lakini waonekana wazi kwamba umelegea." Akasema, "Kulegea umekuona. Sababu hujaiona." Akanipa kalipa ya vernia, ile ile tuliyoitumia Kidato cha Kwanza, akaniacha peke yangu maabarani.

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mikono ya magitaa ya namna hii hutengenezwa kwa vipimo mbalimbali, na vitatu ndivyo hukutwa mara nyingi. Cha kwanza ni kipimo cha inchi kiitwacho 10-32, chenye unene wa karibu milimita 4.8 na hesi 32 katika kila inchi, nacho ndicho cha magitaa mengi ya Marekani. Cha pili ni cha milimita 5, na cha tatu ni cha milimita 6. Hivi viwili hukutwa katika magitaa mengi yaliyotengenezwa Asia. Kile cha milimita 6 hakisumbui mtu kukitambua, kwa kuwa mkono wa 10-32 ukitiwa katika tundu lake hutumbukia bila kushika. Wenye kudanganya ni 10-32 na milimita 5. Inchi moja ni milimita 25.4, ukiigawa kwa 32 wapata 0.79. Kutoka hesi hadi hesi katika kipimo cha milimita 5 ni 0.8. Tofauti yake ni ndogo mno. Kwa hiyo mkono mwembamba wa 10-32 huingia katika tundu la milimita 5, huzunguka kwa ulaini, wala hausemi kwamba si mahali pake. Huingia, lakini hauenei.

Niliupima mkono: unene milimita 4.7. Nikaweka rula kando ya hesi zake: hesi kumi zilichukua karibu milimita 8. Tundu sikuweza kulipima kwa ndani, kwani hesi zake zilinizuia. Nikakumbuka kwamba bolti ndogo zinazofunga madigadi ya baiskeli mara nyingi huwa za milimita 5. Nikaomba moja kwa mlinzi wetu mwenye baiskeli. Unene wake ulikuwa milimita 4.9, na hesi kumi zake pia zilichukua karibu milimita 8. Nikaiingiza tunduni kwa vidole vyangu, taratibu. Iliingia, ikatulia, haikucheza hata kidogo.

Nilikaa kitako. Tundu lilikuwa zima. Hesi zake hazikuharibika hata moja. Mkono haukuvunjwa na mtu. Haukuwa wa gitaa hilo tangu siku niliyoununua mimi. Yule kijana aliuchomoa kwa sababu mimi niliuingiza.

Basi, msomaji, gitaa lako likipata ugonjwa huu, fuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, chomoa waya wa umeme, ulilaze gitaa juu ya blanketi, uutoe mkono kwa kuuzungusha kushoto. Angalia sana: katika magitaa mengi imo springi ndogo chini ya tundu, nayo kazi yake ni kuusukuma mkono ili ukaze. Ukiligeuza gitaa bila kukumbuka, springi hiyo huanguka ikapotea.

Pili, tambua aina ya ulegevu. Kama mkono wazunguka ovyo na kuning'inia, lakini ukiubonyeza hauchezi, umepungukiwa na mkazo tu. Kama wacheza tunduni juu na chini, umepungukiwa na kipimo, au hesi zimelika. Magonjwa haya ni mawili, na dawa zake ni mbili.

Tatu, safisha. Futa hesi za mkono kwa kitambaa, na tundu kwa pamba iliyozungushwa kijitini pamoja na tone moja la mafuta ya cherehani. Pengine uchafu peke yake ndio huuzuia mkono usifike mwisho.

Nne, pima unene kwa kalipa, na hesi kwa rula, kama nilivyoeleza. Kisha jaribu tundu kwa bolti ambayo kipimo chake wakijua, nayo uizungushe kwa vidole tu. Bolti ya kipimo sahihi ikitulia, kosa li katika mkono. Nayo ikicheza, hesi za tundu zimelika.

Tano, tumia dawa inayofaa. Kwa mkono unaoning'inia, rudisha springi iliyopotea; ukiikosa, kata kipande kifupi cha springi ya kalamu, kama nusu sentimita, ukidondoshe tunduni kabla ya kuingiza mkono. Kisizidi hapo, maana kikiwa kirefu kitauzuia mkono usishike hesi za kutosha. Magitaa mengine yana parafujo ndogo ubavuni mwa pande la chuma, nayo hukazwa kidogo kidogo. Kwa mkono unaocheza, dawa ya muda ni utepe mweupe wa mafundi bomba. Shika mkono, ncha yenye hesi ikikuelekea, uzungushe utepe mara mbili au tatu kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa. Ukizungusha kinyume, utepe utafumuka unapoingiza mkono. Lakini dawa ya kudumu ni mkono wa kipimo sahihi. Na ikiwa hesi za tundu zimelika, ni kubadili lile pande la chuma, kazi ambayo yataka nyuzi zilegezwe kwanza na fundi awepo.

Sita, yako mambo matatu usiyafanye kamwe. Usitie gundi, maana mkono hautatoka tena. Usiuponde ncha kwa nyundo ili unenepe. Wala usilazimishe mkono wa milimita 5 katika tundu la 10-32: utaingia mizunguko michache, kisha utakaza, na ukitumia koleo utalikata tundu au utaukata mkono. Kipande kikibaki ndani, kukitoa ni kazi ngumu sana.

Bendi yetu ilipiga katika mahafali kwa mkono uliozungushiwa utepe, na haukuchomoka. Baadaye mwalimu alituagizia mkono wa milimita 5.

Yamebaki ya yule kijana. Kupima tundu kulinichukua nusu saa. Kwenda kwake kulinichukua siku nzima, kwani nilikuwa nikitafuta maneno. Mwishowe niliona kwamba, kwa kuwa nilimkemea mbele ya bendi, nisingeweza kumwomba radhi kwa siri. Siku ya mazoezi nilisimama, nikaonyesha mkono, bolti na kalipa, nikawasomea vipimo, nikasema, "Aliyeharibu ni mimi." Nikamrudishia shilingi elfu nane zake. Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Aliichukua kalipa, akapima mwenyewe mara mbili, kisha akasema, "Kweli, Kaka, ni nne nukta saba." Nikaelewa kwamba mpaka dakika hiyo hata yeye aliamini kuwa ndiye aliyeharibu. Jambo hilo liliniumiza kuliko kicheko cha wenzangu.

Mkono mpya ulipofika nilimpa yeye auingize. Uliingia kwa ulaini, ukatulia. Mimi nitaondoka shuleni mwisho wa mwaka, na gitaa nitamwachia yeye, pamoja na kile kikaratasi chenye vipimo, ambacho tumekibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake ili atakayetumwa mjini asiende mikono mitupu kama nilivyokwenda mimi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwa wenzangu wa Kidato cha Nne, hasa sisi tuliopewa uongozi: kabla ya kuziba ufa, na kabla ya kumtaja aliyeupasua, chukua kipimo.