Umempa Kitambulisho cha Baba, Yeye Amekupa Nini?

Shangazi, nina miaka 27, naishi Habaswein na nina kazi ya mshahara. Kwa miaka minne nimeweka akiba ninunue Subaru Impreza ya turbo. Nimeipata moja Nairobi, mwenyewe anaiuza bila dalali. Nilipofika nilikuta ameshaiwasha, injini ina moto. Fundi niliyekwenda naye alikatazwa kuingia chini yake. Logbuku ina jina la mtu mwingine, anasema ni rafiki yake aliyehamia ng'ambo. Nikiuliza chochote anakasirika na kuniambia kuna mtu wa Kitengela yuko njiani na pesa taslimu. Sasa anataka arbuni ya Sh80,000 ili aniwekee. Alisema pia hawauzii watu wa huko juu bila kuhakikisha ni Wakenya, kwa hivyo nilimtumia picha ya kitambulisho changu, mbele na nyuma, na cha baba. Nizungumze naye vipi asikasirike?
Mpenda Mwendo, Habaswein

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa na kurasa tatu, nimeikata mpaka ikabaki hii. Karibu yote ilikuwa juu ya hasira za muuzaji: alivyofunga boneti kwa kishindo, alivyokukatia simu, alivyokuita mshamba kwa kuuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kitambulisho umekitaja mara moja tu, mbio mbio, kama mtu anayepita mlangoni kwa mdai wake. Mimi ndipo niliposimama.

Cha baba kilikuwa cha nini? Mzee hanunui gari. Hukusema ulimwomba, na nadhani hukumwomba, kwa sababu angekuuliza jambo moja: huyo mtu ni nani? Nawe hungekuwa na jibu. Nimesoma kurasa zote tatu na jina la muuzaji halimo. Rangi ya gari lake unaijua, aina ya rimu unaijua, yeye mwenyewe hujui anaitwa nani. Yeye ana jina lako, jina la baba yako, nambari zenu na nyuso zenu. Wewe una nambari ya simu tu. Alikushinda hapo, kabla bei haijatajwa.

Najua kwa nini ulizituma, wala sikucheki. Mimi ni mzaliwa wa Garissa. Mwaka 1989, serikali ilipoamuru Wasomali wote wa Kenya wahakikiwe, nilimwona baba yangu akipiga pasi shati la Idd ili akapange foleni kuthibitisha kwamba kwao ni kwao. Alirudi na kadi ya rangi ya waridi. Aliitia ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku la bati, na sanduku akalivuta chini ya kitanda. Tangu hapo, nyumbani kwetu, mtu yeyote mwenye sauti kali akisema toa kitambulisho, mkono ulifika mfukoni kabla akili haijafika. Kwa umri wako, huenda nawe ulipita mbele ya kamati ya kuhojiwa kabla ya kupewa chako. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto alisimama Wajir na kutangaza kwamba mchujo huo wa watu wa kaskazini umekwisha.

Serikali imetangaza umekwisha, na wewe umemkaribisha mtu mwenye gari la mtumba akurudishe foleni. Hilo ndilo linaloniuma. Muuza gari hana mamlaka ya kupima uraia wako. Kitambulisho chako kitahitajika siku ya kuhamisha umiliki, na siku hiyo hiyo chake kitahitajika pia. Kabla ya hapo, vitambulisho vinaonyeshwa kwa pamoja, meza moja, ana kwa ana. Anayetaka kukiona chako huku amekificha chake, mwache na gari lake.

Unaniuliza uzungumze naye vipi. Nami nakuuliza, ungekuwa unanunua ngamia ungefanyaje? Hapo Habaswein hakuna kijana anayelipia ngamia aliyelala. Ungemsimamisha, ungemtembeza, ungemfungua mdomo uone meno, ungepapasa nundu, ungetazama chapa ubavuni na kuuliza ni ya ukoo gani. Chapa isipofanana na ukoo wa anayeuza, hata mtoto wa madrasa angeuliza kwa nini. Na dalali angesimama kati yenu kama mdhamini, ili mnyama akija kuonekana ni wa wizi, pawe na mtu wa kuulizwa. Mwenye ngamia angekasirika kwa hayo yote? Angekushangaa kama usingeyafanya.

Basi logbuku ndiyo chapa. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika ni ngamia aliyelala. Injini baridi ndiyo hutoa siri: moshi wa buluu ujue inakula oili, moshi mweupe mzito usiokoma ujue huenda maji yanaingia ndani. Na swali lako la mkanda wa taimingi halikuwa la kishamba hata kidogo. Mkanda ukikatika kwenye injini za turbo za Impreza hizo za zamani, valvu hugongana na pistoni na unabaki na chuma chakavu. Lilikuwa swali la mtu anayejua, na nadhani ndiyo maana alilijibu kwa tusi. Ujuzi unao, mwanangu. Uliuacha Modogashe ukielekea Nairobi kwa sababu uliona haya kuonekana mtu wa huko juu.

Wala dini haikukataza kukagua. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingiza mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu, na aliyelaumiwa ni mwenye nafaka aliyeficha ubichi chini. Fundi wako kuingia chini ya gari ni mkono ule ule.

Kuhusu rafiki wa ng'ambo sina maneno mengi. Sheria ya Trafiki inamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inakupa siku 14 uwe umelihamishia jina lako. Ndugu yangu alinunua pikapu kwa mtindo huo wa jina la rafiki. Alikuwa ameilipia yote. Asubuhi moja madalali wa mahakama walikuja na gari la kuvuta, wakaichukua ikiwa na magunia sita ya sukari nyuma, kwa sababu ya mkopo ambao hakuwahi kuusikia. Sukari aliipata baada ya wiki mbili. Pikapu hakuiona tena.

Arbuni usitume hata shilingi. Omba nambari ya usajili, ingia eCitizen, lipia upekuzi wa rekodi za mamlaka ya usafiri, NTSA, usome jina la mmiliki, na uangalie kama pameandikwa benki au mkopeshaji pamoja naye. Kama rafiki yupo kweli, yeye ndiye aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake, wewe uukubali kwenye yako, na pesa zipite benki siku hiyo. Akikwambia mtu wa Kitengela amefika, mpe hongera ukate simu.

Wengine wangekuambia uachane na Subaru ununue Probox. Mimi sikuambii hivyo. Umefanya kazi, umejinyima miaka minne, penda unachokipenda. Nakukumbusha tu kwamba jina la mji wenu ni vumbi kubwa, na turbo inavuta hewa nyingi. Chujio la hewa utalitoa na kulikagua mara kwa mara, na kwenye mchanga gari la chini litakufundisha subira.

Imebaki kazi ambayo hukuniuliza. Leo piga *106# kwenye laini yako ya Safaricom uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha ngoja baba amalize swala ya Magharibi. Kaa naye chini kwenye mkeka, si kwenye kiti, umwambie: aabo, nilitoa picha ya kitambulisho chako kwa mtu nisiyemjua, bila ruhusa yako, kwa sababu alitaka nihakikishe kwamba sisi ni Wakenya na mimi nikaogopa. Usipunguze neno. Usianze na gari. Atanyamaza, na huenda akanyamaza kwa muda mrefu. Mwache. Akimaliza, mwombe simu yake, upige *106# kwayo mbele yake, mkisoma pamoja.